Kielekezi cha Njia na Barabara Mbili Zilizopandana

Bwana Mhariri,

Naomba fursa ya kunena machache kuhusu kile kidude cha kuonyesha njia ambacho wengi wetu wakazi wa Muthangari hukibandika kwenye kioo cha gari. Ilimu yake haina shaka, kwani hupokea ishara za setilaiti zilizo juu yetu takriban kilomita 20,000, na kwa hizo hukadiria mahali gari lilipo kwa tofauti ya mita chache. Lakini tangu ilipofunguliwa Nairobi Expressway mwaka 2022, ikipita juu ya nguzo sambamba na Waiyaki Way, kidude hicho, ambacho hupima upande kwa upande kwa usahihi zaidi kuliko kimo, huwa hakitambui iwapo dereva yuko juu au chini, hata kikamwamuru akate kushoto mahali pasipo na kitu ila ukingo wa zege. Na chenye ramani kongwe huitakidi kwamba barabara ya juu haipo kabisa.

Rai zangu ni mbili: madereva wahuishe ramani zao kabla ya safari, na wahusika wa barabara waweke vibao bayana mapema kabla ya kila mlango wa kupandia.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Muthangari, Nairobi