Usingoje Bua Lianguke

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sizungumzi juu ya dawa ya pamba. Nazungumza juu ya macho. Lakini naanzia shambani, maana huko ndiko tunakofahamiana.

Ukiingia katika shamba la mahindi, huangalii majani tu. Majani yanaweza kuwa ya kijani, kumbe ndani ya bua funza amekwisha kula. Mkulima mwangalifu hushika bua na kulibonyeza kwa vidole. Likibonyea, anajua lina ugonjwa. Hangoji upepo uliangushe.

Jicho nalo ni hivyo hivyo. Mbele ya jicho, juu ya sehemu nyeusi, kuna utando safi kama kioo. Wataalamu wanauita konea. Katikati, unene wake ni kama nusu milimita tu. Mwanga hupita hapo ndipo tukaona. Konea yenye afya ni imara, na haipotezi umbo lake.

Uko ugonjwa unaolegeza konea. Jina lake ni keratokonasi. Konea hupungua unene, husukumwa mbele, kisha huchongoka kama paa la msonge. Mgonjwa huona maandishi yamepinda, au huona taa moja kama mbili. Mara nyingi ugonjwa huu huanza katika umri wa ujana, mtoto akiwa bado shuleni. Kufikicha macho kila mara huuzidisha.

Hapa Binza nilimjua mvulana wa darasa la sita. Alifikicha macho asubuhi na jioni. Daftari alilisogeza mpaka puani. Watu walimwita mvivu. Mama yake aliniuliza, "Bwana Shamba, mwanangu ana nini?" Nikamjibu, "Ni vumbi la pamba tu, mama. Anawe uso." Nilikosea. Alipata miwani, na baada ya mwaka mmoja miwani ile haikumfaa tena. Alipofika kwa daktari wa macho, jicho moja lilikuwa limechongoka sana. Jicho la pili liliwahiwa.

Je, ugonjwa huu unaweza kujulikana mapema? Ndiyo. Wataalamu wanaona kwamba konea huanza kulegea kabla umbo lake halijaharibika wazi. Kwa hiyo wametengeneza mashine zinazofanya kama vidole vya mkulima. Mashine moja ya namna hiyo ilitangazwa mwaka 2005. Hupuliza hewa kidogo juu ya jicho. Konea hubonyea, kisha hurudi mahali pake. Mashine hupima jinsi inavyobonyea na kurudi. Mashine iliyofuata ina kamera inayopiga picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde moja. Konea dhaifu hubonyea tofauti na konea imara. Daktari hulinganisha kipimo hicho na ramani ya umbo la konea, ndipo akaamua.

Kipimo cha mapema kina faida gani? Ipo tiba ya kuizuia konea isiendelee kulegea. Ilianzia Dresden, Ujerumani, na matokeo yake kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003. Daktari hutia matone ya vitamini B2 katika jicho, kisha hulimulika kwa mwanga maalumu. Konea hukaza. Lakini tiba hiyo huzuia tu. Kwa kawaida hairudishi yote yaliyokwisha kuharibika. Aliyechelewa sana huenda akahitaji kubadilishiwa konea.

Kupima konea kunawafaa na watu wazima. Ugonjwa wa presha ya macho huua mshipa wa kuonea polepole, mara nyingi bila maumivu. Ili kupima presha hiyo, daktari hubonyeza konea. Konea nyembamba hubonyea upesi, na presha inaweza kuonekana ndogo kumbe ni kubwa. Ndiyo maana daktari hutaka kujua unene wa konea yako pia.

Ndugu msomaji, mashine hizi ni ghali. Usitegemee kuzikuta katika zahanati. Lakini safari ya kuzifikia huanzia zahanati, na wewe unaweza kufanya haya:

1. Mtoto akifikicha macho kila siku, mpeleke zahanati. Macho yanayowasha yana dawa.
2. Miwani ikibadilishwa mara kwa mara na bado haoni vizuri, omba barua ya kwenda kwa daktari wa macho.
3. Usitie jichoni maji ya majani, maziwa wala dawa ya jirani. Vitu hivyo vinaweza kuleta kidonda juu ya konea.
4. Ukifika miaka 40, au ikiwa ndugu yako ana presha ya macho, nenda ukapimwe hata kama huumwi.

Mimi nimekwisha pita miaka 40, nami nimepimwa. Hewa ilipopulizwa nilishtuka, lakini haikuuma.

Leo jioni mtazame mwanao anaposoma. Akisogeza daftari mpaka puani, usimgombeze. Panga safari.

Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu