"Watazoeana", mnasema. Nani kawaambia?

Najua nimepotea, mitihani ilinikaba kisawasawa. Leo nilitaka kuandika habari za boom kuchelewa, lakini kuna mtu kanichefua hapa hosteli, kwa hiyo boom litasubiri (sisi si tumezoea kulisubiri!).

Mtu mwenyewe ni rafiki yangu, tunasoma naye Ualimu, wote watu wa Bayolojia. Mwezi ujao anaenda mazoezi ya kufundisha huko Butiama, nyumbani kwao kabisa, na jana usiku alikuwa anatuonyesha mchoro wa tangi la samaki atakaloweka darasani. Kioo, taa, pampu ya hewa, mawe, kila kitu safi. Ndani yake furu wa ziwani, na humohumo uduvi. Nikamwambia, kaka, hao furu watamaliza uduvi wako. Akacheka. "Aah, watazoeana bwana. Ziwani si wanaishi pamoja?" Chumba kizima kikamuunga mkono, mimi nikaonekana mchawi.

Jamani, hilo neno WATAZOEANA nalijua vizuri. Nililisema mwenyewe, Bunda, mwaka jana, mbele ya Form Two.

Ilikuwa hivi. Mimi ni mtoto wa Musoma. Wikiendi moja nikatoka shuleni nilikopangiwa nikaenda nyumbani, mjomba akanisaidia kutega furu wanne kwenye mawe ya ufukweni. Nikawapakia kwenye ndoo, nikapanda nao Hiace hadi Bunda, konda akanitoza nauli ya ndoo kama abiria. Tangi lilishakuwa tayari, la lita 60 hivi, kaniunganishia fundi vioo. Basi kuna kijana mmoja wa Form Two, mkimya sana, kwao ni upande wa Guta. Naye akaenda kuchota uduvi kwenye majani ya pembeni ya ziwa kwa kipande cha chandarua, akawaleta kwenye chupa ya maji. Alikuwa amewahesabu: 34. Njia nzima alikuwa anafungua kizibo ili wapate hewa.

Ijumaa mchana tukawamwaga. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, hawataliwa?" Nikamjibu kwa sauti ya kisomi kabisa: watazoeana.

Jumatatu asubuhi tangi lilikuwa jeupe. Furu wanne, matumbo yamejaa, na vipande vya miguu na sharubu vimenasa kwenye sifongo. Darasa likaangua kicheko. Mimi, kuokoa sura, nikashika chaki nikachora mnyororo wa chakula ubaoni kama vile nilipanga tangu mwanzo. Kipindi kilipoisha yule kijana akanifuata. "Mwalimu, kwa hiyo ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Nilidanganya, wadau. Na hata ingekuwa kweli ingekuwa mbaya zaidi, maana ingekuwa nilimtuma mtoto akalete viumbe 34 kwa uangalifu wote ule ili nivifanye kitoweo. Hakuniletea kitu tena mpaka naondoka.

Sasa tuje kwenye hoja za hawa mabwana, moja moja.

Ya kwanza: eti ziwani wanaishi pamoja. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba karibu 68,800. Uduvi wake, ambao kitaalamu ni Caridina nilotica, ni kadudu ka sentimita mbili hivi, hakana silaha yoyote. Silaha yake ni nafasi. Ana mafunjo na magugu ya pembeni, ana giza, na ana maji ya kina kirefu yenye hewa kidogo ambako yeye anavumilia kuliko samaki wengi. Na pamoja na hayo yote bado analiwa kila siku! Watafiti waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza kuanzia miaka ya 1970 waliwagawa furu kwa chakula chao. Kuna wala mwani, wala konokono, wala magamba ya wenzao, na kuna kundi zima la WALA UDUVI. Soma tena hapo. Halafu hata wasio wa kundi hilo hawaaminiki. Sangara walioletwa miaka ya 1950 na 1960 walifumuka miaka ya 1980, furu wakaporomoka, uduvi wakaongezeka sana. Furu waliporudi tena miaka ya 1990, baadhi ya waliokuwa wanakula vijidudu vidogo vya kuelea wakawa wanakula na uduvi. Furu anabadilika kufuata kilicho mbele yake. Kwenye tangi la lita 60 kilicho mbele yake ni nini?

Ya pili: eti weka mawe na mimea wapate pa kujificha. Hii kidogo ina akili, kwenye tangi kubwa lenye mimea minene baadhi wataponea kwa muda. Lakini furu dume wa miambani kazi yake ni kulinda eneo. Ukimwekea jiwe, hilo jiwe ni nyumba yake, na tundu lake ni mlango wake. Umemjengea uduvi maficho ndani ya sebule ya anayemla. Tena uduvi lazima ajivue gamba ili akue, na akishajivua mwili unakuwa laini kwa muda, hapo hata kukimbia ni shida.

Ya tatu: eti washibishe furu, mwenye shibe hana ugomvi. Huyu anayesema hivi hajawahi kumwona mtu ameshiba harusini halafu karanga zikapita. Samaki hana saa ya mlo. Kitu kidogo kikitikisika mbele yake, anameza.

Ya nne ndiyo iliyonichekesha jana. Jamaa yangu kwa sababu ni wa Butiama akatoa karata yake ya mwisho: kuna furu amepewa jina la Mwalimu Nyerere, eti samaki mwenye jina la mtu wa amani atakuwa mkorofi? Kweli yupo, Pundamilia nyererei, alielezwa kitaalamu mwaka 1985, dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, zuri ajabu, na watu wa Ulaya na Marekani wanamfuga kwenye matangi. Lakini waulize wanaomfuga. Madume wawili kwenye tangi dogo, mmoja atamfukuza mwenzake mpaka amchoshe. Jina tulimpa sisi, tabia alikuja nayo mwenyewe.

Ya tano ndiyo inaniuma, maana nimeitumia: hata wakiliwa, wanafunzi wamejifunza mnyororo wa chakula. Hapana. Mnyororo una kurudishia. Ziwani uduvi wanazaana kwa maelfu, wanakula uozo na mwani, wanaliwa, wanazaliwa wengine. Kwenye tangi hakuna mnyororo, kuna sahani. Ulichowafundisha watoto ni kwamba mkubwa akifungiwa na mdogo, mdogo anaisha, halafu mwalimu anachukua chaki na kuita hiyo sayansi.

Na sisi watu wa ziwa ndio tungetakiwa kuwa wa mwisho kusema watazoeana. Walioleta sangara hawakuwa vichaa. Walitaka wale furu wadogo wenye miba wageuke samaki mkubwa wa kuuzika. Sangara akaleta viwanda na ajira, kweli, hata mjomba wangu amejenga kwa sangara. Lakini kati ya aina zaidi ya 500 za furu, zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka. Kuchanganya ilikuwa kazi ya ndoo tu. Kutenganisha mpaka leo hakuna aliyeweza.

Sasa msiseme napinga tu bila kutoa njia. Kaka, weka matangi MAWILI, yapange bega kwa bega. Hata kama ni madogo, hata kama la pili ni ndoo nyeupe ya plastiki. La uduvi liwe na majani, mwani na sifongo la kuchujia maji, usiweke samaki yeyote. Wanafunzi watawaona wakichambua uchafu kwa vile vikono, na wakibahatika watamwona jike amebeba mayai chini ya tumbo. La furu weka mawe, dume moja na majike kadhaa, walishe dagaa wa kusaga. Jike akitaga utamwona kidevu kimetuna, anaatamia mayai mdomoni wala hali vizuri kwa siku kadhaa. Hapo mtoto wa Butiama anajifunza viumbe viwili badala ya kushuhudia msiba mmoja. Na kipindi kikiisha, usimwage samaki wako kwenye lambo la kijiji. Tafadhali sana.

Asubuhi hii nimempelekea haya yote kwa mdomo, kasema atafikiria. Nimemwambia pia habari ya kijana wa Guta, sikuwahi kumsimulia mtu. Akanyamaza, halafu akauliza kioo cha tangi la pili kitagharimu shilingi ngapi. Nikamwambia nitachangia... boom likitoka.

Haya, nawahi foleni ya wali kafeteria kabla maharage hayajaisha. Maoni napokea, hata ya kunipinga, ila ukija na "watazoeana" uje na uduvi wako walio hai.