Akiumwa na Nyoka Shambani

Tukiwa kwenye palizi au tukiokota kuni, nyoka anaweza kutuuma. Wengi wetu hukimbilia kukaza kamba, kuchanja kwa wembe au kubandika jiwe jeusi. Usifanye hivyo! Kamba huzuia damu, na mguu unaweza kuoza. Wembe huongeza jeraha. Jiwe jeusi haliondoi sumu. Linapoteza muda tu.

Fanya hivi: Mlaze mgonjwa na kumtuliza, asitembee. Mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Funga mguu kwa kanga pamoja na fimbo iliyonyooka ili usichezecheze, lakini usikaze. Akitapika, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Kisha mbebeni kwa machela, au kwa pikipiki akiwa katikati ya dereva na mtu wa kumshika.

Tiba ya sumu ni dawa maalum inayotolewa hospitali, nayo haipatikani kila zahanati. Basi mama, ulizia leo hospitali yenye dawa hiyo, na upatane na mwenye pikipiki mapema. Siku ya kuumwa si siku ya kuanza kuuliza.