KUFULI YA KAZINI IFIKE NYUMBANI



Hakuna anayekataza muziki na filamu nyumbani. Baba anatoka kazini, anakaa na watoto wake, bafle tano zimezunguka chumba, na ile kubwa ya besi inanguruma pembeni: ni raha ya halali. Vijana wengi wanajijengea vyombo hivyo wenyewe, kwa mbao, spika za zamani na ampli ya kununuliwa vipande vipande. Hiyo ni akili, na tunaisifu. Lakini bafle ya besi inakula kuran nyingi kuliko zingine, na katika kuitafutia kuran hiyo ndipo mtu anapoumia.

Kazini, kabla ya kugusa mashini, tunakata kuran, tunaweka kufuli, tunapachika kibao chenye jina, tunapima kama kweli kuran haiko. Hakuna anayesema: «Mimi ni fundi, sihitaji kufuli.» Lakini jioni mtu yuleyule anafungua ampli yake, prize ikiwa bado ukutani. Au anangoja umeme ukatwe mtaani, ndipo anasema: «Sasa hakuna kuran, acha niunge nyuzi.» Ndugu, umeme uliokatwa na wengine haukufungwa na kufuli yako. Unarudi bila kupiga hodi, na mikono yako imo ndani. Kukatika kwa umeme si ruhusa ya kufanya kazi. Chomoa prize kwanza, uiweke mbele ya macho yako, mtoto asiirudishe. Hata ukishachomoa, makondensateri ya ampli yanaweza kushika kuran bado: pima kabla ya kugusa.

Wengine wanasema: «Kuna fizibli, itanilinda.» Si kweli. Kuran ya nyumba ni volti 220, na miliampere 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuzuia pumzi na kuvuruga moyo. Fizibli ya ampere 5 inangoja zaidi ya miliampere 5.000 kabla ya kukatika. Inalinda mashini na nyumba isiwake moto. Mwili wako haiujui. Kinachomlinda mtu ni waya wa udongo, pamoja na disjonkteri diferansieli ya miliampere 30.

Basi, mwenye kujenga ashike haya:

1. Bafle ya besi iwe na ampli yake. Usiiongeze juu ya ampli inayobeba bafle zingine. Bafle mbili za ohm 4 zikiungwa sambamba zinakuwa ohm 2. Ampli iliyoandikwa ohm 4 inachemka, inaungua, na nyumba inaweza kuifuata.

2. Ampli ipate prize ya ukutani, si ile ya kugawanya inayobeba pia resho na pasi. Resho ya wati 1.500 peke yake inavuta karibu ampere 7. Na uzi mwembamba wa bafle usibebe kamwe kuran ya volti 220.

3. Fizibli ikikatika, tafuta sababu, kisha weka nyingine ya namba ileile. Uzi wa shaba na karatasi ya sigara si fizibli.

4. Anayetumia batri ya gari asidharau volti 12. Chuma kikigusa ncha zote mbili, batri inatoa mamia ya ampere na kuunguza mkono. Ikichajiwa inatoa gazi inayolipuka, na asidi yake inaharibu macho. Ikae penye hewa, mbali na kitanda na watoto, na fizibli iwe karibu na batri yenyewe.

Kuna wanaotafuta wati zaidi kila mwezi. Wajue kwamba kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, kitu ambacho sikio linatambua kwa shida. Sogeza bafle karibu na pembe ya ukuta: besi itaongezeka bila gharama. Na sikio lililoshinda karibu na mashini ya kutoboa mawe linahitaji kupumzika usiku.

Najua mtakalojibu: fundi wa umeme ni ghali, na nyuzi zimefanya miaka miwili bila ajali. Hata nguzo mbovu ya shimo inasimama mpaka siku inapoanguka. Kwa hiyo naomba mikutano ya usalama izungumze pia juu ya nyuzi za nyumbani, na mafundi wetu wa umeme wapewe nafasi ya kupita kambini kupima. Mfanyakazi aliyeponea shimoni asife sebuleni.

Mtu akishikwa na kuran, usimguse. Kata kuran kwanza. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Asipopumua, mkandamize katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, na mwingine akimbilie dispanseri. Alama ya moto ipozwe kwa maji safi dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Hata akisema amepona, mleteni tumpime moyo.

Mama, ukiona baba au kijana anafungua ampli, muulize swali moja: «Prize iko wapi?»