Daftari la Wiki: Mkeka wa Gofu

Wiki ya Masters ikifika, hata kijiwe chetu cha kahawa, ambacho mwaka mzima hakina habari ila Simba na Yanga, hupata mtu wa kuuliza mambo ya gofu. Safari hii alikuwa kijana wa bodaboda, simu mkononi. "Mzee, huyu Scheffler si ndiyo wanasema bora duniani? Mbona odi yake inafika tano? Simba akicheza na timu ya mkiani hupati hata moja na nusu."

Swali lake lilikuwa zuri kuliko chambuzi nyingi ninazosoma. Simba ana mpinzani mmoja, Scheffler anao kama tisini, na hakuna hata mmoja anayeweza kumkaba. Kila mtu anapambana na uwanja, kisha Jumapili wanalinganisha mikwaju. Tiger Woods ameshinda mara 82 kwenye PGA Tour, rekodi anayoshirikiana na marehemu Sam Snead, na hizo 82 ni chini ya robo ya mashindano aliyoingia. Yaani ukimwekea mchezaji mkali kuliko wote wa zama zetu, kila alipocheza, mkeka wako ungechanika zaidi ya mara tatu katika kila nne. Odi ya 5.00 maana yake unakubali kwamba Scheffler atashinda mara moja katika kila tano. Hapo umemweka jirani kabisa na Woods. Mimi naona ni bei ghali, na nilimwambia hivyo. Akaweka.

*

Jaribu hili ukiwa na kikokotoo. Chukua 100, gawa kwa odi ya kila mchezaji, jumlisha majibu yote. Kungekuwa na haki kamili, ungepata 100. Kwenye mechi ya mpira yenye matokeo matatu, jumla huzidi kidogo tu. Kwenye gofu, ambako majina ni mengi na nani atakagua odi ya mtu wa sabini, jumla huweza kupita 120 bila aibu. Hiyo ziada ndiyo kodi ya pango ya kampuni ya beti. Unailipa kabla mpira wa kwanza haujapigwa.

*

Ugomvi mkubwa wa gofu, hata hivyo, hauzuki kwenye ubingwa bali kwenye soko la "watano bora". Mtu anaweka shilingi 10,000 kwa odi ya 6.00, mchezaji wake anamaliza wa tano, anakwenda kuchukua 60,000 na kukuta 15,000. Anapiga kelele kaibiwa. Hajaibiwa. Watu wanne wamefungana nafasi ya tano, na nafasi iliyobaki ni moja, kwa hiyo dau lake linagawanywa kwa nne: 2,500 mara sita. Kanuni hiyo imeandikwa kwenye masharti ambayo hakuna anayeyasoma, na katika gofu kufungana si ajali. Angalia orodha ya matokeo ya Jumapili yoyote: nafasi ya tano au ya kumi huwa imebanwa na kundi. Kabla hujavutiwa na odi ya soko hilo, chukulia kwamba huenda utalipwa nusu yake au pungufu.

*

Sasa mambo ya majani, ambayo ndiyo ninayoyapenda zaidi.

Wanaochagua wachezaji kwa makini huuliza uwanja umeoteshwa nyasi gani. Pale Riviera, Los Angeles, uwanja ambapo Woods hajawahi kushinda licha ya kukulia jirani, nyasi ni za kikuyu. Ndizo hizi hizi za nyanda zetu za juu za Afrika Mashariki, ambazo ng'ombe wa Limuru wanazitafuna. Wamarekani walizichukua mwanzoni mwa karne ya 20 kuzuia mmomonyoko wa udongo, zikatambaa kila mahali, wakashindwa kuzing'oa. Ni nyasi nene, zinashika. Mpira ukitua hauserereki, unakaa juu juu, na wa pembeni ya grini hunaswa utafikiri umeshikwa kwa mkono. Asiyezizoea hupiga mpira mfupi, anatazama fimbo yake kana kwamba ndiyo yenye kosa.

Rudi nazo Nairobi. Viwanja vya Muthaiga na Karen, ambako huchezwa Kenya Open, viko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakwenda mbali kuliko kawaida. Mgeni kutoka Ulaya hana budi kujifunza upya fimbo gani inafika wapi, na siku za mazoezi ni chache. Waafrika Kusini hawana shida hiyo: mashindano yao mengi huchezwa Gauteng, kwenye mwinuko kama huo, na nyasi za kikuyu wanazo kwao. Justin Harding alishinda Kenya Open mwaka 2021. Wiki iliyofuata, kwenye uwanja ule ule wa Karen, Daniel van Tonder akashinda shindano la pili. Mwaka 2025 akaja Jacques Kruyswijk. Majina haya hayakuwa ya kutisha mtu. Kwenye Kenya Open, mimi huanza na bendera ya Afrika Kusini, kisha ndipo nasoma majina.

*

Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua mikwaju kwa mamilioni na kukuta kwamba kama theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji bora na wenzao wa kulipwa hutokana na mipigo ya mbali. Ufundi wa kwenye grini unachangia kidogo kuliko tunavyodhani, na hupanda na kushuka kila wiki. Kwa hiyo aliyeshinda wiki iliyopita kwa kutumbukiza kila kitu usimkimbilie. Mtafute aliyepiga vizuri kutoka mbali akakosa kwenye grini, kwa sababu odi yake bado haijaguswa.

*

Jambo la kupitisha kahawa: Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, Ian Woosnam 1986, Trevor Immelman 2000. Wote watatu baadaye walivaa koti la kijani la Augusta, la bingwa wa Masters, na Seve alilivaa mara mbili. Huyo Immelman alilichukua mwaka 2008, miezi michache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe, akimwacha Woods kwa mikwaju mitatu.

*

Mwaka 2019 mwanamume mmoja wa Wisconsin alimwekea Woods dola 85,000 kwenye Masters kwa odi ya 15.00. Woods akashinda, jamaa akavuna faida ya dola 1,190,000, na picha zake zikazunguka dunia. Picha za waliomwekea Woods mwaka 2018 hatukuziona.

*

Masters humalizika kwetu kama saa nane za usiku, kuamkia Jumatatu. Ni saa mbaya ya kushika simu yenye salio. Tena anayeongoza si lazima ashinde: kwenye The Open ya 1999, Carnoustie, Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu, akalipoteza shindano kwa Paul Lawrie, aliyeianza siku hiyo akiwa nyuma kwa mikwaju kumi. Kama umechoka, lala.

*

Msomaji wa Nairobi ananiuliza kama ni dhambi kuwawekea Wakenya kwenye Kenya Open. Si dhambi. Lakini shindano lilianza 1967 na hakuna Mkenya ambaye ameshalitwaa. Jacob Okello alilikaribia mwaka 1998, akafika mashimo ya ziada, akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Odi za vijana wa nyumbani kwenye ubingwa huwa kubwa, na ukubwa huo ni wa haki. Ukitaka kuwaunga mkono kwa pesa, achana na ubingwa; tafuta soko la kupita mchujo wa Ijumaa, weka kiasi ambacho hukihitaji Jumatatu, na ukiweza nenda uwanjani ukawashangilie.