Mtaa Mpya ni wa Nani?

Msomaji, ukipita Bondeni, mjini Nakuru, utayaona majumba mapya ya ghorofa, yenye makao zaidi ya 600, yamesimama wima katika sehemu ya mji ambapo macho yetu yalizoea nyumba fupi za mabati. Wageni huyatazama, wakasema kwamba mtaa umefufuka. Neno hilo nalisikia mara kwa mara, hata vinywani mwa wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, na kila nilisikiapo hushikwa na hamu ya kubisha. Mtaa ni watu wake. Kabla sijakubali kwamba mtaa wowote umefufuka, nataka kwanza nijue waliokuwamo zamani wanalala wapi leo.

Usidhani kwamba nazililia nyumba kongwe. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mji ukatangazwa rasmi. Masetla waliihitaji mikono ya Mwafrika relini, viwandani na majumbani mwao, lakini hawakutaka aote mizizi mjini. Alihesabiwa kuwa mgeni wa muda, mwenye kipande shingoni, ambaye kazi ikiisha atarudi kwao. Kwa hiyo alijengewa chumba kimoja. Choo na bomba vilikuwa vya ua mzima. Chumba kile hakikuwa kidogo kwa uhaba wa mawe, maana mawe ya Bonde la Ufa hayana idadi. Kilikuwa kidogo kwa sababu mke na watoto hawakutarajiwa kukaa humo. Katika mitaa kama Kaloleni na Kivumbini vizazi na vizazi vimekulia ndani ya vyumba vilivyokusudiwa wapita njia. Mimi mwenyewe nililala chini ya kitanda cha wazazi wangu mpaka nilipoingia darasa la saba, na ukuta baina yetu ulikuwa pazia la kitenge. Anayeyasifu maisha yale kwa kuwa majirani walipendana, na akayaishi kwanza mwezi mmoja wa masika, choo kikiwa kimefurika.

Basi nyumba bora ni haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema hivyo waziwazi. Ugomvi wangu hauko hapo. Uko katika neno moja tulilolizoea mno: nyumba za gharama nafuu. Nafuu ni neno tamu; mgonjwa akipata nafuu hata jirani hufurahi. Lakini hapa nafuu ni ya nani?

Sheria ya mwaka 2024 yamtoza kila mwenye mshahara asilimia 1.5 ya pato lake, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Sheria hiyohiyo yawagawa watu kwa mapato. Apataye chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi amewekewa nyumba za kijamii. Apataye kuanzia 20,000 hadi 149,000 amewekewa zile za gharama nafuu. Utazame upana wa daraja hilo la pili! Karani aliyeanza kazi juzi na meneja mwenye gari wamesimamishwa katika foleni moja, nawe wajua, msomaji, katika foleni ya fedha ni nani hufika dirishani kwanza. Nyumba hutolewa kwa amana, kisha malipo ya kila mwezi kwa miaka mingi. Mpango huo umefikiriwa na mtu mwenye hati ya mshahara kwa ajili ya mtu mwenye hati ya mshahara.

Namjua mama mmoja, jirani yetu wa tangu utotoni. Hukaanga mandazi mlangoni pa chumba chake kabla ya alfajiri, na vibarua waendao kazini hunywa uji wake wakiwa wamesimama. Leo atapata shilingi 600, kesho 200, siku ya mvua kubwa hapati kitu. Mlango ule ndio duka lake, na ua ule ndio ghala lake la makaa. Nilipomweleza habari za nyumba za ghorofa, hakuzidharau hata kidogo; aliniuliza kuhusu choo cha ndani, akatabasamu. Kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu, nyumba ni nzuri. Lakini nikipanda huko juu, mteja wa mandazi ya shilingi kumi atanipandia?"

Nikimtaja mama huyu, wenzangu hunijibu kwamba Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na jiji halina budi kufanana na jiji. Haliwezi kumngoja kila muuza mandazi. Hoja hii ina kiburi, tena haina kumbukumbu. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki, huko Kibera, zilihamishiwa nyumba mpya za ghorofa upande wa Lang'ata. Familia mbili au tatu ziligawana nyumba moja, kila moja na chumba chake. Haukupita muda mrefu, baadhi yao wakawapangisha wengine vyumba hivyo, nao wakarudi kwenye mabanda. Kulikuwa na watu waliowaita wajinga. Mimi nasema walipiga hesabu: chumba kile kiliwapa kodi, na riziki yao ilikuwa imebaki kule walikotoka.

Wala haisemi kweli anayedai kwamba haiwezekani kufanya vingine. Huko Pangani, Nairobi, kabla nyumba za zamani hazijavunjwa, kaya 48 zililipwa shilingi 600,000 kila moja zipange kwingine, pamoja na ahadi ya kurudi. Dar es Salaam, wakazi wa Magomeni Kota walivunjiwa nyumba, wakangoja miaka. Na kungoja kule kulikuwa kuchungu, sitakuficha. Lakini kaya zao zilihesabiwa, zikawa 644, na mwaka 2016 Rais Magufuli akawaahidi kwamba watakuwa wa kwanza kuingia. Majengo yaliyozinduliwa na Rais Samia mwaka 2022 yalikuwa na nyumba 656. Zilinganishe hesabu hizo mbili. Aliyechora ramani ile alianza na orodha ya majina.

Hilo ndilo nilitakalo Nakuru, ambako mipango ya kubomoa vyumba vya mkoloni imesemwa na kurudiwa mara nyingi. Orodha iandikwe kabla ya tingatinga kufika, ibandikwe ukutani ambapo kila mpangaji ataisoma. Malipo yakubali kupanda na kushuka kama pato la mchuuzi. Chini ya kila jengo paachwe vibanda, na kibanda cha kwanza kipewe aliyekuwa akiuza pale pale. Ninyi mnaosoma kitabu hiki mtakuwa makarani wa ardhi, wahandisi na wajumbe wa baraza la kaunti. Kalamu ya kuandika orodha hiyo huenda ikawa mkononi mwako.

Jumamosi iliyopita nilinunua mandazi manne kwa yule mama. Aliniuliza kama majina yamekwisha kuandikwa, na kama lake limo. Nilimwambia sijui. Akanifungia mandazi katika gazeti, akaongeza la tano.