Tuipime Nyumba Kabla ya Kuingia

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 14, imo sheria ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Mtu akiona madoa ya kijani au mekundu yaliyozama katika ukuta wa nyumba yake, sharti aende kumwarifu kuhani. Kuhani huagiza vyombo vitolewe, huja kuitazama nyumba, kisha huifunga kwa siku 7. Doa likienea, mawe yake hung'olewa na lipu hukwanguliwa na kutupwa nje ya mji. Likirudi tena, nyumba yote hubomolewa. Afya ya nyumba, basi, haikuwa siri ya mwenye nyumba. Ilikuwa jambo la jumuiya.

Tunaikumbuka sheria hiyo tunapowafikiria ndugu zetu wa Bibokoboko. Oktoba 2021 nyumba zao zilichomwa moto, na wengi wakateremka kukimbilia Baraka. Anayejenga upya baada ya msiba kama huo hutumia anachokipata: bati kuukuu, mlango uliopakwa rangi zamani, tofali lililonusurika. Hatumlaumu. Lakini vijana wanaomsaidia wajue hatari tatu.

Ya kwanza ni ukungu. Jicho na pua hutosha kuutambua. Huchochea pumu, na dawa yake ni kuziba panapovuja, kuinua msingi na kufungua madirisha.

Ya pili ni asbesto, nyuzi ndogo mno zilizochanganywa na saruji kutengenezea mapaa ya kijivu. Paa likikatwa au kuvunjwa, vumbi lake huingia mapafuni, na saratani huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Hii jicho haliwezi kuithibitisha, huithibitisha maabara.

Ya tatu ni risasi. Katika Fizi neno hilo hutisha kwa sababu nyingine. Lakini madini hayo, yakiwa katika rangi kuukuu au betri iliyoyeyushwa, hudhuru ubongo wa mtoto bila mlio wowote. Shirika la Afya Duniani halijui kiwango chake kilicho salama.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mtoto wa Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, aliugua. Damu yake ilipopimwa, ikakutwa na risasi. Mama huyo hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hayo yote yalianzia katika kipimo kimoja.

Mtu atasema: asiye na paa hachagui paa. Ni kweli, na ndiyo maana mzigo huu ni wa wanaojenga shule, makanisa na vituo vya afya, wanamokusanyika watoto. Jengo linapokabidhiwa, vijana wa parokia waulize kwa heshima: je, linavuja? Paa ni la nini? Rangi hii ina risasi? Na tunapoitwa kusafisha jengo la kale, tusivunje paa la kijivu wala tusikwangue rangi ikiwa kavu.

Kuuliza hivyo si kukosa shukrani kwa mfadhili. Ni kumpenda mtoto atakayelala humo.